Kuhusu ule uzi mfupi wa banjo

Mkuu, umeuliza banjo ilipata wapi uzi mmoja mfupi, na kwa nini watu wa jazi waliuondoa.

Asili yake ni Afrika Magharibi. Akonting ya Wajola wa Senegali na Gambia, kibuyu kilichowambwa ngozi, ina nyuzi 3, na ule mfupi hupigwa kwa kidole gumba. Wanaodai mpiga banjo Mmarekani Joel Sweeney aliubuni karne ya 19 wanakosea: banjo za watumwa wa Marekani zilikuwa nao tayari karne ya 18.

Kwenye banjo ya nyuzi 5, kigingi chake kiko ubavuni mwa shingo, kwenye freti (kijiti cha chuma shingoni) ya 5. Tyuni ya kawaida ni g-D-G-B-D, na hiyo g, yaani uzi mfupi, ndiyo yenye sauti ya juu kuliko zote ingawa imekaa upande wa nyuzi nzito. Mtindo wa zamani, ukucha unapiga kwa kushuka, kisha gumba linauachia uzi mfupi. Mpiga banjo Earl Scruggs, aliyejiunga na bendi ya bluegrass ya Bill Monroe mwaka 1945, alitumia vidole 3: noti 8 mfululizo, mara nyingi kwa mafungu ya 3-3-2. Wanaoanza huzipiga zote kwa nguvu sawa, melodi inazama.

Jazi hubadilisha kordi haraka, g inayolia muda wote inagongana nazo. Ndipo jazi ikashika banjo ya tenor, nyuzi 4, C-G-D-A, ya kupigwa kwa plektra (kipande kidogo cha kukwaruzia nyuzi). Ukali wake ulipenya hata kati ya tarumbeta. Maikrofoni za umeme zilipoingia studio mwaka 1925, gitaa nalo likaanza kusikika, na kufikia miaka ya 1930 likachukua kiti cha banjo.