Anzeni na mwezi, hoteli itakuja

Swali lenu la wiki hii linauliza: ukipanga likizo ya familia na watoto kisiwani, unaanza na nini? Najua wengi watajibu kwamba wanaanza na fedha, na sitabishana nao, maana nauli ya boti ya watu watano si mchezo. Mimi, mzaliwa wa Wete, Pemba, niliyeolewa Dar es Salaam, naanza na kalenda ya ukutani. Ile yenye tarehe mbili katika kila kijumba, ya kawaida kwa maandishi makubwa na ya Kiislamu ndogo pembeni. Natazama ile ndogo.

Sikuanza hivyo. Safari yetu ya kwanza na watoto aliipanga baba yao, mtu wa Tabora, bahari kaisomea shuleni. Alitafuta nyumba ya wageni mashariki mwa Unguja, akaletewa picha: maji ya buluu yamefika karibu na ngazi za baraza, ngalawa inaelea. Akalipa. Mimi mtoto wa pwani nilipaswa kuuliza, nikanyamaza, nikasema mwache naye afurahi.

Asubuhi ya kwanza, kama saa nne, mwanangu wa kati, wakati ule ana miaka mitano, alitoka na boya lake kiunoni. Alikuwa amelivaa tangu kabla ya chai. Akasimama juu ya ngazi. Mbele yake mchanga, kisha majani ya bahari, kisha vidimbwi, na mawimbi ni mstari mweupe kule mwambani, unausikia kuliko unavyouona. Ngalawa ya kwenye picha imelala ubavu. Akanigeukia: "Mama, nani kaiondoa bahari?"

Baba yake akaenda mapokezi kulalamika. Kijana wa pale akamjibu kwa adabu zote, "Itarudi saa kumi, mzee wangu." Na saa kumi ikarudi kweli, mtoto yuko usingizini, boya bado kiunoni. Siku iliyofuata hivyo hivyo, ikachelewa kidogo. Nyumba yenyewe siitaji. Picha yao haikuwa ya uongo, ila ilipigwa saa inayowafaa wao.

Tulikuwa tumekwenda kwenye bamvua. Kwa msiokulia pwani: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali na kurudi kwa nguvu, na kwetu tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo hufika kama mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Hilo wengi wanalijua. Wanalosahau ni la saa. Siku za bamvua, Zanzibar maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo ikifika siku ya nane ya mwezi mwandamo, au ya ishirini na mbili, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa na yametulia. Bibi yangu hakuwa na jedwali lolote. Ukimwomba ruhusa ya kwenda kuogelea alikuwa anauliza kwanza, "Mwezi ngapi leo?" halafu anahesabu kwa vidole.

Sasa tazameni saa za mtoto mdogo. Saa kumi na mbili yuko macho, saa tatu anadai maji, saa saba jua limemchosha amelala. Saa zake zinaoana na maji mafu kama kufuli na ufunguo. Ndiyo maana wadogo nawapeleka Paje, Bwejuu, Jambiani au Matemwe mwezi ukiwa nusu, na sijali mwezi huo bei imepanda au imeshuka. Asiyetaka kuhesabu hesabu zote hizi aende Nungwi au Kendwa, kule bahari haikimbii mbali na mtu anaogelea karibu saa yoyote. Wenye hoteli nao wanalijua hilo, utaliona kwenye bei. Usiku kuna muziki, wangu hawalali.

Watoto wakubwa ni kinyume. Hao wapelekeni bamvua makusudi. Mtoto wa miaka kumi kuogelea kutamchosha siku ya pili, lakini mpe asubuhi nzima ya kutembea juu ya sakafu ya bahari uone. Kuna kiti cha pweza chekundu, kuna kaa anayejizika, kuna kidimbwi chenye samaki wadogo wa rangi wanaosubiri maji yawarudie. Na kuna mashamba ya mwani, vigingi na kamba mistari kwa mistari, kilimo kilichoanza pwani hiyo mwaka 1989 na mpaka leo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Binti yangu mkubwa aling'oa tawi moja akaja kunionesha, amefurahi. Mama mmoja aliyekuwa amechutama kwenye kamba zake akanyanyua kichwa. "Mwanangu, hilo limefungwa." Hakusema zaidi. Tukarudi naye mpaka penye kamba, akamwonesha namna ya kulifunga upya kwa kitanzi kidogo, vidole vyake vimekunjamana kwa maji ya chumvi. Binti akafunga, likafunguka, akafunga tena. Tulikaa pale karibu saa nzima, na mwisho alikuwa amejaza urefu wa mkono wake. Siku hizi kabla ya kutoka nawaambia wanangu kabisa: tunakwenda shambani kwa watu, tutatoa salamu, tutapita pembeni.

Sharti langu jingine ni viatu vya kufunga, si ndala. Ndala hunasa matopeni, mtoto huiinamia, na pale anapotia mguu ndipo alipo yule mdudu mweusi wa baharini, mwili wote miiba. Mwiba wake hukatikia ndani. Shangazi zangu huupaka utomvu wa papai bichi. Nimepakwa mimi, wamepakwa wanangu. Kilio ni kile kile.

Kuhusu kuvuka, nitakuwa mfupi. Dar hadi Unguja ni kama saa mbili kwa boti za kasi, watoto wanavumilia. Unguja kwenda Pemba ni habari nyingine. Mkondo ule una kina kirefu na kusi likivuma, kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, boti inapanda na kushuka na wahudumu wanapita wakigawa mifuko. Wanangu wote watatu wamewahi kulewa bahari kwa pamoja, nami nina mikono miwili. Tangu hapo, kama ni kusi na fedha ipo, tunapanda ndege ndogo, nusu saa tumefika. Fedha isipokuwepo tunakaa chini, nyuma kidogo ya katikati ya chombo, na watoto wamekula mkate mkavu tu. Chai ya maziwa marufuku.

Kalenda ile ile inanionesha pia Ramadhani iko wapi. Si kwamba msije. Ila mchana migahawa mingi imefungwa na mtoto wa miaka minne hajui kufunga, kwa hiyo pangeni mahali penye jiko lenu. Jioni zake, kwa futari, hazina mfano.

Siku moja au mbili ziwe za nchi kavu, ngozi zipumzike. Kwa wadogo nachagua kobe wa Changuu, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, ambao asili yao ni wale wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Umri wameandikwa mgongoni kwa rangi, na mtoto anayejifunza kusoma tarakimu atawazungukia wote. Msitu wa Jozani una kima punju, aina ya kima wasiopatikana kwingine ila Zanzibar. Watoto wanawapenda, mimi nimeshawaona vya kutosha.

Na Pemba? Watu huniuliza Pemba kuna nini cha watoto. Kuna popo wa Kidike, wakubwa, mbawa zao zikikunjuka zinapita mita moja na nusu, walikuwa wakiwindwa mpaka karibu kwisha na sasa wananing'inia mitini kwa maelfu wakigombana mchana kutwa. Kuna Vumawimbi, mchanga mrefu pembeni mwa msitu wa Ngezi, na siku nyingine mko peke yenu. Lakini wangu wanachokumbuka ni baraza ya bibi yangu mdogo, msimu wa karafuu. Wanamwamkia chei chei, anawapa kila mmoja ungo, wanachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Ndani ya nusu saa vidole vinanata, vinanuka, na anayejifuta jicho anajuta. Anawalipa kwa kikombe, sarafu kwa sarafu, na anahakikisha kikombe kimejaa. Mwanangu wa kati, yule wa boya, alikataa kwenda pwani siku mbili kwa sababu ya ile biashara.

Juni hii tunarudi. Tiketi bado sijakata, ila siku nimeshazitia duara: kuanzia ya sita ya mwezi mwandamo mpaka ya kumi na sita. Mdogo wetu ataanza na maji mafu Jambiani, wakubwa watamalizia na bamvua. Baba yao anasema siku kumi na moja ni nyingi na anataka tukate tatu. Nimemwambia achague yeye azikate wapi, mwanzo au mwisho. Mpaka leo hajanijibu, lakini jana nimemkuta amesimama mbele ya kalenda, miwani usoni, anasoma ile tarehe ndogo.