Mpokeaji akimzuia mlinzi kunasa pasi, adhabu iwe ipi?

SWALI: Mwamuzi, salaam. Mimi ni mama wa Tanga, naishi Ohio mwaka wa 9 sasa. Mwanangu anacheza futiboli ya Marekani shuleni kwao, pande zote mbili: mpokeaji timu yake ikiwa na mpira, mlinzi wa nyuma ikiwa haina. Ijumaa moja wapinzani walikuwa kwenye yadi ya 34 upande wao, jaribio la tatu kati ya manne ya kusogea yadi 10, zimebaki yadi 8. Pasi ikapanda juu mno, mwanangu akasimama chini yake kama mtu anayengoja embe lidondoke. Mpokeaji wao akamkumbatia mikono, mpira ukaanguka chini. Mwamuzi akarusha kitambaa cha njano, ishara ya kosa, wakarudishwa yadi 15, wakarudia jaribio lile lile, na pasi iliyofuata ikawapatia yadi 41. Kwenye televisheni naona NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, kosa hilo ni yadi 10 tu, ilhali mlinzi akikosea mpira hupelekwa hadi pale pale alipokosea. Haki iko wapi hapo? Na wewe ungeandika sheria gani?

JIBU: Salaam na kwako dada yangu. Mimi huchezesha mechi za shule, nikisimama nyuma kabisa ya walinzi, na tukio kama la kijana wako nimeliona likitokea hatua 5 kutoka nilipo. Waamuzi wenu waliamua sawasawa. Kilichopungua ni sheria yenyewe.

Nianze na hesabu unazoziona kwenye televisheni. Mpokeaji akiingilia pasi, NFL humrudisha yadi 10 kutoka pale mchezo ulipoanzia. Vyuo na shule za sekondari, yadi 15. Kote jaribio hurudiwa. Mlinzi wa NFL akikosea, washambuliaji hupewa mpira mahali pa kosa na majaribio mapya manne, hata kama ni yadi 50 mbele. Ukiziweka pamoja, yadi 10 kwa 50, utaona upendeleo. Mimi kwenye hilo siuoni. Mlinzi anapomvuta mpokeaji anaiba yadi ambazo huenda zingepatikana, kwa hiyo sheria inazirudisha. Mpokeaji anapomsukuma mlinzi ili apate nafasi kisha akadaka, udakaji wenyewe unafutwa, kisha timu yake inarudishwa nyuma tena. Alichokiiba amenyang'anywa, na faini juu yake. Hapo yadi 10 zinatosha, na 15 zinatosha zaidi.

Ni vivyo hivyo kwa mpokeaji anayejifanya anakimbia njia yake kumbe lengo ni kumziba mlinzi ili mwenzake abaki peke yake, ile ambayo wachezaji wa kikapu wangeiita skrini. Pasi inafutwa, mambo yanaishia hapo.

Mambo yanageuka pale mpira unaporushwa vibaya. Sekunde hiyo mpokeaji si mshambuliaji tena. Amekuwa mlinzi, na aliye chini ya mpira, kama mwanao, ndiye mwenye nafasi ya kuupata. Sheria inawapa wote wawili haki sawa ya kuufuata. Mpokeaji akimshika mikono, hakuna udakaji wa kufutwa. Alichokiiba ni umiliki wa mpira, na hakuna yadi zinazoweza kuurudisha.

Hebu tazama alichowekewa kocha wa mwanao mezani. Akiikubali adhabu, wapinzani wanarudi yadi ya 19, jaribio la tatu, zimebaki yadi 23, na wana nafasi nyingine ya kurusha. Akiikataa, pasi inahesabiwa imeanguka, wapinzani wako yadi ya 34 kwenye jaribio la nne, zimebaki 8, na karibu kila kocha hapo huamuru mpira upigwe mbali kwa mguu, timu nyingine iuchukue. Mimi ningeikataa. Lakini ona ubaya wake: akiikataa, mkosaji halipi chochote, ni kana kwamba pasi ilimponyoka tu. Akiikubali, anampa mkosaji jaribio jipya. Timu iliyoonewa inachagua kati ya hasara mbili.

Sheria ninayoitaka mimi ni hii: mpokeaji akimwingilia mlinzi aliyekuwa kwenye nafasi ya kunasa pasi, na pasi ikaanguka, yadi zihesabiwe na jaribio lipotee. Kwa mechi yenu ingekuwa jaribio la nne, yadi ya 19, zimebaki 23. Wangepiga mpira mbali kutoka karibu na lango lao, na timu ya mwanao ingeupokea mahali pazuri.

Jambo hili si geni kwenye kitabu cha sheria. Kwotabeki, yule mrushaji wa pasi, aliyebanwa akiutupa mpira mahali pasipo na mtu ili asiangushwe, anahesabiwa yadi na anapoteza jaribio, shuleni na NFL pia. Sababu ni kwamba yadi peke yake zingemfanya aone kosa lina faida. Mpokeaji anayemkumbatia mlinzi amefanya hesabu ile ile.

Wapo wanaosema mlinzi apewe mpira kabisa. Hapana. Nimeona mipira mingi ikigonga viganja vya vijana na kuanguka bila mtu yeyote kuwagusa. Huwezi kumpa mtu kitu ambacho bado hakijawa mkononi mwake.

Na kwa nini nisiseme jaribio lipotee kwa kila kosa la mpokeaji? Kwa sababu shule za sekondari zilikuwa na sheria hiyo hadi ilipoondolewa 2013. Yadi 15 na jaribio juu yake, hata kwa kusukuma kidogo begani, ni kisu kizito, na mwamuzi akijua kisu ni kizito mkono wake unasita kwenye mfuko wa kitambaa. Kusita huko kunaumiza kuliko adhabu ndogo. Tarehe 24 Septemba 2012 mjini Seattle, kwenye mechi ya NFL, Packers wa Green Bay wakiongoza Seahawks wa Seattle 12 kwa 7, mpira wa mwisho ulirushwa eneo la bao. Golden Tate, mpokeaji wa Seattle, alimsukuma Sam Shields, mlinzi wa Packers, kwa mikono miwili mpira ukiwa hewani, kisha akapewa bao. Waamuzi siku hiyo walikuwa wa muda, wale wa kawaida wakiwa kwenye mgogoro na ligi. Kesho yake ligi ilitamka kwamba kosa lile lilipaswa kuadhibiwa na mechi ingeishia pale pale. Adhabu ilikuwepo, tena nzito kuliko zote. Kitambaa ndicho hakikutoka mfukoni. Msimu wa 2019 NFL ilijaribu kuyakagua makosa haya kwa video, ya pande zote mbili, na msimu uliofuata ikaachana na mpango huo.

Utaniuliza mwamuzi atajuaje kwamba mlinzi angeunasa. Tayari NFL na vyuo hutuamini tuamue kama pasi ilikuwa inadakika. Mimi hutazama vitu viwili: macho ya mlinzi yako kwenye mpira, na miguu yake imeshafika. Kisha natazama kiwiko cha mpokeaji. Kikiwa kimekunjwa, wanagombania tu. Kikinyooka, au mikono ikizunguka kiuno na kubana, kitambaa kinaruka.

Mwambie kijana asingoje mpira ushuke hadi kifuani. Auendee juu, mikono imenyooka, audakie mahali pa juu kabisa anapofika. Akikumbatiwa akiwa amesharuka, kila mwamuzi uwanjani ataona, na mara nyingi mpira utakuwa tayari mikononi mwake.