Kabla Hujakubali Kuingia kwenye Orodha, Uliza Namba

Siku chama kiliponiteua kuwa mgombea, nililia kwa furaha. Nikapewa karatasi ya majina, nikateremka nayo kwa kidole mpaka nikajiona: namba 14. Sikuuliza neno. Kura zilipohesabiwa, chama kikapata viti vitano, na viti hugawiwa kuanzia jina la kwanza kwenye orodha.

Sheria haikuvunjwa. Asilimia 30 ya wanawake iliyotakiwa kwenye orodha ilitimia, ila karibu sote tulirundikwa chini. Kule juu palikuwa na mwanamke mmoja tu.

Kwa hiyo dada yangu, ukifuatwa na kuambiwa wanawake wanahitajika, asilimia iache kwanza. Uliza: uchaguzi uliopita tulipata viti vingapi, na mimi nitakuwa wa ngapi? Argentina waliliona hili mapema. Sheria yao ya 1991 ilitaka asilimia 30 ya wanawake, tena katika nafasi zenye matumaini ya kushinda. Kwingine majina hupangwa kwa kupishana, mwanamke kisha mwanamume, mpaka mwisho. Huo ndio mpango ninaouamini.

Uliza pia mgombea wako mbadala, yaani atakayekalia kiti chako ukiondoka, ni nani. Mexico mwaka 2009 baadhi ya wanawake waliochaguliwa waliomba likizo mara tu bunge lilipoanza, viti vyao vikakaliwa na wanaume waliokuwa wabadala wao. Mwaka 2011 mahakama ya uchaguzi ikaagiza mbadala awe wa jinsia ileile. Ukisikia "ingia tu, mengine tutayapanga baadaye", omba yaandikwe leo.

Utaambiwa umebebwa. Neno hilo linauma, nalijua. Lakini Rwanda ilitenga viti 24 kati ya 80 kwa wanawake, na mwaka 2008 wakapatikana wabunge wanawake 45. Hao 21 wa ziada hawakupita kwenye viti hivyo vilivyotengwa kwa wanawake. Mlango ukishafunguliwa, watu huzoea kuwaona wanawake ndani, na wengine hupita njia ya kawaida. Kwa hiyo hata ukipata kiti cha kutengwa, anza mapema kuwajua wapigakura watakaokupa kiti kisichotengwa.

Uchaguzi uliofuata waliniita tena, safari hii namba 11. Nikasema ya nne, la sivyo jina langu litoke. Kikao kizima kikanyamaza. Mwenyekiti akachukua penseli, akageuza upande wa kifutio, akaanza kufuta.