Mwanangu, umeniuliza kati ya kisu na ugali

Kisumu, Jumanne usiku

Mwanangu mpendwa,

Mvua imenyesha tangu saa kumi na stima imepotea, kwa hivyo nakuandikia kwa taa ya simu. Swali lako la Jumapili limenikalia rohoni. Ulisema daktari wa huko Nakuru amekuambia kilo zako 121, kwa urefu wa sentimita 164, zimefika mahali pa kufikiria upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Mwenzako wa kazini naye anakuapia kwamba ukiacha ugali, chapati na sukari hutahitaji kisu. Ukaniuliza, "Mama, wewe ungechagua gani?" Nami nikasema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua. Nilitaka kulifikiria vizuri kabla ya kufungua kinywa.

Kabla ya jibu, kuna deni. Krismasi ya mwaka juzi, mbele ya wageni, nilinyoosha mkono nikatoa chapati ya pili kwenye sahani yako na kuirudisha kwenye hotipoti. Watu wakacheka. Wewe ukainama ukamalizia mchuzi kwa kijiko, na tangu siku hiyo ukija nyumbani unakula njiani kabla ya kufika. Nimelijua hilo muda wote. Naomba unisamehe, mwanangu. Miaka 31 nilivaa sare ya uuguzi nikiwaambia akina mama "punguza kula" kana kwamba nawaambia wafunge mlango, na sikuwahi kuwauliza wanalala na njaa ya aina gani.

Maana mwili haupendi kupungua. Ukishusha kilo, homoni zinazoita njaa hupanda, zile za kushibisha hushuka, na mwili wenyewe huanza kubana matumizi. Watafiti wa Melbourne walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2011: mwaka mzima baada ya watu kupungua, homoni zao bado zilikuwa zinawasukuma kurudi walikotoka. Kwa hivyo zile mara tatu ulizopungua kisha kilo zikarudi, usiziite uvivu. Na usimruhusu mtu yeyote, hata mimi, aziite hivyo.

Nianze na mlo, kwa sababu huo naujua kwa ulimi wangu. Ni mwaka wa nne sasa ninakula wanga kidogo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi, na sisi watu wa magharibi mwa Kenya hatupimi ugali kwa gramu, tunaupima kwa heshima: mgeni hajapokelewa mpaka aone ugali umesimama mezani. Nilianza na kilo 96. Niliacha ugali, mkate, mandazi na sukari ya chai, nikabaki na ngege, omena, mayai, parachichi na mboga zetu, saga, managu, mrenda. Siku kumi za kwanza ziliondoka kilo 4 nikaimba kanisani kwa sauti ya juu. Nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kila gramu na kama gramu tatu za maji yake, na akiba ikiisha maji hutoka. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nimepungua kilo 14. Tano zimerudi. Lakini kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kimeshuka kutoka 9.1 hadi 6.7, na hicho ninakilinda kuliko mizani.

Sasa sikiliza kilichonipata wiki ya pili, maana sikukuambia. Wakati ule nilikuwa nameza dawa mbili za kisukari, metformini pamoja na glibenklamidi. Glibenklamidi huikamua kongosho itoe insulini, umekula usikule, yenyewe haijui. Nilikata wanga bila kumwambia daktari wangu, mimi muuguzi mzima. Jumapili hiyo nilikuwa soko la Kibuye, nimeinamia gorogoro la omena, nikaona samaki wale wakavu wanaogelea. Jasho baridi likanitiririka mgongoni. Mikono ikatetemeka. Nilimpa muuzaji noti ya elfu nikashindwa kabisa kujua chenji yangu ni ngapi. Yule mama akaniangalia usoni mara moja tu, akanikalisha juu ya gunia lake, akafungua soda na kunishikia chupa mpaka nikaimaliza. Mume wake alikuwa na kisukari, ndiyo pona yangu. Tulipofika duka la dawa, hata baada ya soda, sukari bado ilikuwa chini, ilisoma 3.1.

Wewe unameza metformini peke yake, ambayo kwa kawaida haishushi sukari kiasi hicho. Lakini una dawa ya presha, na mtu akikata wanga presha nayo huweza kushuka mpaka akiinuka kitini anaona giza. Usianze hata wiki moja kabla kliniki haijajua na kukupangia dozi.

Mlo huu unapunguza kilo ngapi? Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa matokeo mwaka 2018 ya watu 609. Nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta. Baada ya miezi 12 wale wa wanga walikuwa wameshuka kilo 6 kwa wastani, wale wa mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo haina uzito. Ndani ya kila kundi walikuwepo walioshuka sana na walioongezeka. Hao hawakuwa na kisukari, ni kweli. Lakini toa kilo 6 kwenye 121 uniambie magoti yako yatahisi nini ukipanda ngazi za ofisini.

Upasuaji ni hesabu nyingine. Wa aina ya kwanza huondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba kama ndizi, na kilichokatwa hakirudishwi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ile homoni ya njaa, grelini. Wa aina ya pili huacha kimfuko kidogo kama yai na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kikaruka kipande cha mwanzo cha utumbo mdogo. Kwa aina zote mbili watu wengi hupoteza kama robo ya uzito wote au zaidi kidogo ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwako hizo ni kilo 30 na kitu. Vifo vipo, takriban mtu 1 hadi 3 kwa kila 1,000 mikononi mwa wazoefu. Uswidi walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000, na waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Kisukari kiliwatoka asilimia 72 ya waliokuwa nacho baada ya miaka miwili. Baada ya miaka 15, waliobaki bila kisukari walikuwa asilimia 30. Upasuaji wao mwingi ulikuwa wa mitindo ya zamani, lakini soma hizo namba mbili kwa pamoja, usiisome ya kwanza peke yake.

Mama yako mdogo alifanyiwa ule wa aina ya pili, unakumbuka, tukamchangia. Alishuka kutoka 134 hadi 88 na sukari ikatulia, akatupa mkongojo. Kitu ambacho hukuambiwa ni mwaka wa tatu. Alikuwa ameacha vidonge vya madini na vitamini kwa sababu ni ghali na alijiona mzima. Nilipomtembelea alikuwa anachoka akivuka ua tu, nyayo zinamfanya ganzi, viganja vyeupe kama karatasi. Nikamwomba kalamu, akaniambia chukua kwenye mkoba. Mkoba ulikuwa umejaa odowa. Mawe ya udongo, yamefungwa kwenye gazeti, mengine yameng'atwa nusu. Mtu mzima wa miaka 47 anaficha odowa kama msichana mjamzito! Nilijua hapo hapo kwamba damu imekwisha. Chakula kinaporuka kipande kile cha utumbo, chuma na kalisi havifyonzwi vizuri tena, na vitamini B12 nayo hupungua. Damu yake ilisoma 6.8. Alipoanza sindano za B12 na chuma, hamu ya mawe ikamtoka yenyewe. Leo ana miaka minane tangu apasuliwe, anapimwa damu kila mwaka, na anasema angefanya tena. Nilimuuliza jana makusudi, nikijua nakuandikia.

Sasa jibu langu. Aprili ulipolala hapa, niliingia kukufunika saa nane usiku. Ulikuwa unakoroma, kisha ukanyamaza. Kifua hakikupanda. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikahesabu kwa saa ya simu: sekunde 19, ukavuta hewa kwa kishindo. Halafu tena, sekunde 24. Nilikaa pale mpaka adhana ya alfajiri. Kwa mtu mwenye kilo zako, kisukari, presha na pumzi inayokatika usingizini, ambaye amejaribu mlo mara tatu kwa dhati, mimi ningechagua upasuaji. Ningekuwa na kilo 96 na sukari peke yake, ningechagua nilichochagua.

Lakini swali lako lina "ama" ndani yake, na hiyo "ama" ndiyo nataka uiondoe. Wiki mbili hivi kabla ya upasuaji watakupa mlo mkali wa wanga kidogo na nguvu kidogo, ini lisinyae, daktari apate nafasi ya kufanya kazi yake kupitia matundu madogo tumboni. Baadaye utakunywa vya majimaji, kisha vilivyopondwa, kisha vilaini, na ukirudi kwenye sahani utaanza na samaki au yai, mboga ifuate, ugali uwe wa mwisho na mdogo. Hutakunywa maji pamoja na chakula. Sukari nyingi itakupa moyo kwenda mbio, jasho na kuhara, hasa kwa ule wa aina ya pili. Kwa maneno mengine, ule mlo unaotaka kuukwepa utakungoja upande wa pili, ila utaukuta njaa imepungua. Ndiyo sababu nasema anza sasa, miezi mitatu, chini ya kliniki. Ukishuka na sukari ikatulia kuliko tunavyotarajia, tutakaa tena tuzungumze. Usiposhuka, hutakuwa umepoteza kitu.

Mwambie daktari kuhusu kiungulia chako, usikifiche. Ule wa mrija wa ndizi huweza kukizidisha, na hiyo inaweza kubadilisha aina atakayokushauri. Mwambie pia daktari wa dawa ya usingizi kuhusu pumzi inayokatika, upimwe kabla. Muulize amefanya wangapi, na nani atakupokea saa tisa usiku ukipata homa, maumivu ya tumbo au moyo kwenda kasi, maana mshono ukivuja ni suala la saa, si siku. Muulize nani atakupima damu mwaka wa tano. Makadirio ya gharama waliyokuandikia yana kitanda na chumba cha upasuaji, lakini sijaona mahali pa vidonge vya maisha yote. Vihesabu. Na ile diklofenaki, dawa ya maumivu unayonunua ya magoti, ujue baada ya ule wa pili ni marufuku, huweza kuleta vidonda tumboni.

Hili la mwisho nalisema kama mama na kama muuguzi. Najua mnatafuta mtoto. Uzito ukishuka, mimba hushika upesi kuliko mnavyodhani, na inashauriwa kungoja miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji ili mtoto asije akakosa chakula tumboni. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri, tafuteni njia nyingine. Zungumza na mume wako kabla hujaweka sahihi popote. Kama mtoto hawezi kungoja, hilo peke yake linabadilisha jibu langu.

Pesa zisikunyime usingizi kwanza. Zamu yangu ya chama ni Novemba.

Njoo Ijumaa. Panda gari la mchana, barabara ya Kericho jioni ina ukungu. Leta karatasi zote za kliniki, na mama yako mdogo atakuwepo, umuulize mwenyewe yale ambayo mimi siwezi kujibu. Usile njiani. Nitapika ngege na mrenda, ugali utakuwa mezani, na sahani yako haitaguswa na mkono mwingine ila wako.

Mama yako