Kamba waingie mwisho, maganda yatangulie

Kwa Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kwa nini kamba wa mchuzi wa nyanya wanaopikwa nyumbani hapa Nairobi huwa wagumu, na mchuzi wenyewe hukosa ladha ya bahari. Wengi husingizia umbali, wakidai kwamba kitoweo kilichosafiri karibu kilomita 480 kutoka Mombasa hakiwezi kubaki na utamu wake. Sikubaliani nao. Kamba aliyegandishwa vizuri, kisha akaachwa ayeyuke polepole ndani ya friji usiku kucha, angali mtamu. Kinachomharibu ni utaratibu wa jikoni.

Nyama ya kamba huiva haraka mno. Joto linapompata, protini iliyokuwa imeificha rangi yake nyekundu huiachilia, na yule aliyekuwa wa kijivu hugeuka kuwa wa waridi. Nyama ikishakuwa nyeupe hadi katikati, ameiva, na kwa kamba wa wastani hilo huchukua dakika 3 au 4 tu. Nyanya huhitaji muda mrefu zaidi, hasa hapa kwetu, kwa sababu jiji liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka yakifika nyuzi kama 94 za selsiasi badala ya 100. Anayevitia vyote viwili sufuriani kwa pamoja hana budi kupoteza kimoja: ama nyanya zitabaki na ukali wa ubichi, ama kamba watakuwa kama mpira.

Ladha ya bahari mnayoitafuta imo katika maganda na vichwa, na inasikitisha kuona jinsi tunavyovitupa. Ukienda City Market, barabara ya Muindi Mbingu, omba kamba wazima wenye vichwa vyao. Wamenye nyumbani, uondoe ule uzi mweusi wa mgongoni, ambao ni utumbo, kisha ukaange maganda na vichwa kwa mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu na kunukia. Mimina vikombe 2 vya maji, viache vichemke kwa dakika 20 huku ukiviponda kwa mwiko, halafu uchuje. Supu hiyo ndiyo itakayokuwa maji ya mchuzi wako.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Kaanga kitunguu, saumu na tangawizi, tia bizari na nyanya zilizoiva sana, na usiwe na pupa mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu. Ongeza supu, uache mchuzi uwe mzito kiasi unachokitaka, uonje chumvi. Anayependa tui zito alitie sasa, kwa moto mdogo, ingawa kwa maoni yangu supu ya maganda ikiwa nzuri tui huifunika. Mwisho kabisa watie kamba, zima moto mara wanapobadilika rangi, kisha ukamulie ndimu na kunyunyizia dania.

Ombi langu moja kwa wanaokaribisha wageni: waulizeni kabla ya kupakua iwapo yupo anayedhurika na kamba au kaa, kwa maana supu ya maganda haionekani kwa macho, na kumwondolea mgeni huyo vipande vya kamba hakutamkinga.

Msomaji wenu,
Nairobi