Kabla ya Kubadilisha AVR, Chunguza Kapasita

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa usiku kwenye kiwanda kimoja cha kusaga nafaka huko Namanve, nje kidogo ya Kampala, ambako jenereta ya kVA 250 ilikuwa inawaka vizuri, inapokea mzigo, kisha baada ya sekunde chache inazimika yenyewe. Wenyewe walikuwa wamekwisha kununua AVR mpya (kifaa kinachodhibiti volteji ya jenereta) mara mbili. Nilisimama mbele ya paneli nikaomba iwashwe tena: volti 415, kisha 430, 448, 460, na hapo ulinzi ukaikata. Mashine za kusagia zilikuwa zimezimwa zote. Zilizobaki ni taa, kompyuta za ofisini, na, ndani ya kabati la pembeni, kapasita za kVAr 100 (kVAr ni kipimo cha umeme unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi) zilizofungwa kurekebisha pawafakta ya mota, yaani kufidia umeme wa namna hiyo unaovutwa na mota, ambazo mtu alikuwa ameziacha ziwake muda wote.

Mota huvuta mkondo unaochelewa nyuma ya volteji, na mkondo huo, ukipita kwenye stata (koili za jenereta zisizozunguka), hudhoofisha sumaku ya rota, sehemu inayozunguka. Kwa hiyo AVR huongeza umeme wa rota ili volteji isishuke. Kapasita hufanya kinyume. Mkondo wake huitangulia volteji, na sumaku inayozalishwa nao huisaidia ile ya rota badala ya kuipinga. Volteji hupanda, AVR hupunguza umeme wa rota, hupunguza tena, hadi inakosa cha kupunguza, kwa kuwa AVR ya kawaida haiwezi kuugeuza mkondo huo uende upande wa pili. Tangu hapo volteji inaamuliwa na kapasita. Tena kVAr zake hukua kwa mraba wa volteji: zile 100 za volti 415 hukaribia 123 kwenye volti 460, na ndiyo maana namba zilipanda bila kusita.

Kwa kawaida jenereta za namna hii humudu kupokea kVAr za kapasita zipatazo asilimia 20 ya kVA zake, yaani kama 50 kwa ile ya Namanve. Hata hivyo usikisie. Mwombe muuzaji mchoro wa uwezo wa jenereta yako. Nimeona pia mafundi wakiongeza hita ili mzigo uwe mkubwa, na nawasihi waache, kwa sababu hita hula kilowati lakini haiondoi kVAr hata moja.

Tulichofanya ni kupitisha waya wa koili ya kontakta (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kapasita kwenye kontakti ya upande wa gridi ya chenjiova, ile swichi inayohamisha mzigo kati ya gridi na jenereta, ili jenereta ikishika mzigo kapasita zitoke zenyewe. Ukifanya kazi hii, kumbuka kwamba kapasita hubaki na chaji baada ya kuzimwa: subiri dakika kadhaa, upime kwa mita, ndipo uguse. Jenereta ilipowashwa ilitulia kwenye 415, kwa AVR ileile iliyokuwa ikilaumiwa.

Wenye UPS kubwa (mitambo ya betri inayoshikilia umeme ukikatika) wachunguze jambo hilohilo, maana filta za baadhi yake zina kapasita zinazobaki kwenye laini hata UPS ikiwa na mzigo mdogo. Na kama unaendesha jenereta mbili sambamba, tazama kVAr za kila moja: inayoonyesha namba hasi, huku umeme wa rota ukikaribia sifuri, inaweza kupoteza mwendo wa pamoja na mwenzake, na hilo huumiza hata shafti.