Maswali ya wasomaji: Bomba jeusi linagoma kupinda kwa baridi

SWALI: Ndugu mhariri, natandaza bomba jeusi la roli, milimita 32, kupeleka maji shambani. Huku Makete Juni hii asubuhi linakakamaa, nikilazimisha kona linakunjika. Jirani anashauri nilipitishe kwenye moto. Je, ni sawa?
Msomaji, Makete

JIBU: Moto hapana kabisa. Bomba hilo ni la polithini, aina ya plastiki inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi. Mwali unazidi hapo mara kadhaa. Upande mmoja utalainika na kuwa mwembamba kabla upande wa pili haujapata joto, na presha ikipanda patapasuka hapohapo.

Bomba lako halina ubovu. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana. Baridi huipunguzia mwendo, joto huirudishia. Basi tumia jua. Saa nne asubuhi funga ncha kwenye kigingi imara (roli likifyatuka linaumiza), litandaze, liache liote jua mpaka ukilishika ulisikie vuguvugu. Rangi nyeusi hunyonya joto upesi.

Hata hivyo kona ina kiwango chake. Chukulia kona ni kipande cha duara: kwa nyuzijoto 20, kutoka katikati ya duara hadi kwenye bomba pawe angalau mara 20 ya kipenyo chake, yaani sentimita 64 kwa bomba lako. Kwa nyuzijoto 10 ni mara 35, sentimita 112. Karibu na sifuri ni mara 50, mita 1.6! Kona kali kuliko hapo iwekee elbo (kiungo cha kona). Palipokwisha kukunjika pakate uunge kwa koplingi (kiungo cha kuunga vipande viwili). Ukipanyoosha tu, patabaki dhaifu.

Jambo ambalo wengi hulisahau: bomba hili hurefuka na kusinyaa kama milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Mita 100 zilizopata nyuzi 40 mchana, zikishuka hadi 10 usiku, hufupika sentimita 60. Ukilivuta likanyooka kama kamba na kulifunga mchana, usiku litachomoka kwenye koplingi. Lilaze kwa mawimbi mferejini, ncha ya mwisho uiunge kesho yake asubuhi kabla ya kufukia.

SWALI: Kwa nini bomba la PVC linapasuka nikilikata alfajiri?
Msomaji, Iringa

JIBU: PVC hulegea kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo ni ngumu hata mchana, baridi huiongezea wepesi wa kuvunjika ikigongwa. Usitumie panga. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, bomba likiwa limeegemezwa pande zote mbili za mkato. Gundi nayo hukauka polepole kwenye baridi, hivyo usiharakishe kufungulia maji.